Sakafu Kavu, Vifaranga Wazima



Somo letu la leo linahusu banda la kuku. Hatutasema juu ya ukuta wala paa. Tutasema juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami, yaani kile kinachotandazwa sakafuni. Wataalamu wa mifugo hukiita matandazo. Yanaweza kuwa maranda ya mbao, makapi ya mpunga, nyasi kavu au kitu kingine cha namna hiyo. Lakini kwanza tueleze kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

KOSA LETU

Kikundi chetu hapa Katumba kilikuwa na matetea sita na banda la matofali ya udongo. Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimechanganya, matetea wanne walitotoa vifaranga 34. Tulifurahi mno. Fedha za kuku hao tulikwisha kuzipangia kazi: sare za shule na madaftari ya watoto. Kwa kuwa tulitaka vifaranga wote wakue, tukazidisha usafi. Kila asubuhi tulifagia sakafu ya udongo mpaka ikang'aa, kisha tukainyunyizia maji ili vumbi litulie. Watu wakipita walisema, "Hongereni, banda lenu safi kama sebule."

Vifaranga walipofikisha majuma matatu wakaanza kujikunyata. Mabawa yakashuka, manyoya yakasimama. Wakawa wanakaa pembeni wamefumba macho kama wanaosinzia. Halafu tukaona kinyesi chenye damu. Katika siku 10 walikufa 23. Wengine walisema ni mdondo. Wengine walisema ni jicho la mtu, na hayo hatutayaandika hapa. Jambo la ajabu ni kwamba matetea wenyewe hawakuugua hata mmoja.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu yupo bibi mmoja mfugaji. Banda lake ni la fito na udongo, na kusema kweli tulizoea kulicheka. Mvua zilikuwa zilezile na kuku walikuwa walewale wa kienyeji. Tukaenda kumwona.

"Shikamoo bibi. Vifaranga wako wanaendeleaje?"

"Marahaba wanangu. Wapo, wanakula tu. Ingieni mwone."

Tukaingia tukiwa tayari kuziba pua. Sakafu haikuonekana. Ilifunikwa na makapi ya mpunga, unene wa karibu shubiri moja, na bibi alisema hajayatoa tangu mwezi wa tisa. Ameongeza tu. Lakini harufu hatukuisikia. Tukachota makapi kwa mkono, yakamwagika katikati ya vidole kama mchanga. Yalikuwa makavu! Banda letu lilipendeza lakini lilikuwa bichi. La bibi lilionekana chafu lakini lilikuwa kavu. Vifaranga wake 19 walikuwa wanachakura humo bila wasiwasi.

KWA NINI UNYEVU UNAUA

Bwana mifugo alipofika alituambia kwamba ugonjwa ule ni kuhara damu. Jina lake la kitaalamu ni koksidiosisi. Unaletwa na vijidudu vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Vijidudu hivi huishi katika matumbo ya kuku na kuyachubua mpaka yatoe damu. Mayai ya vijidudu hutoka pamoja na kinyesi. Yakitoka tu hayawezi bado kumdhuru kuku mwingine. Ni lazima kwanza yapevuke, na ili yapevuke yanahitaji vitu vitatu: hewa, joto na unyevu. Yakivipata vyote, siku moja au mbili zinatosha. Kifaranga anayedonoadonoa sakafuni anayameza, na mambo yanaanza upya tumboni mwake.

Hewa hatuwezi kuiondoa bandani. Joto pia hatuliwezi, tena vifaranga wenyewe wanalihitaji. Kinachobaki mikononi mwetu ni unyevu. Na sisi tulikuwa tunauongeza kila asubuhi kwa ndoo!

Mtu atauliza: mbona matetea hawakuugua? Karibu kila banda lina vijidudu hivi. Kuku akivimeza vichache vichache tangu utotoni, mwili wake hujenga kinga. Ndivyo walivyokuwa matetea wetu, na ndivyo walivyokuwa vifaranga wa bibi. Shida huja kifaranga anapovimeza vingi kwa mara moja, kabla mwili haujajiandaa. Umri wa hatari zaidi ni kati ya majuma matatu na sita.

Dawa ipo. Inayotumika sana ni amprolium, ambayo huchanganywa katika maji ya kunywa. Tafadhali someni karatasi yake wenyewe, kwani kusoma sasa tunajua. Tazameni kipimo, idadi ya siku, na tarehe ya mwisho ya kutumika. Msikubali kuambiwa tu "weka kijiko" na mtu ambaye hajaisoma. Tena mjue kwamba dawa nyingi za kuulia wadudu sakafuni haziyaui mayai ya vijidudu hivi. Yanauawa na maji yanayochemka na ukavu wa muda mrefu.

TUPIGE HESABU

Maji hayo hutoka wapi, ikiwa paa halivuji na hatumwagi maji? Hutoka kwa kuku mwenyewe. Kuku hakojoi peke yake kama mbuzi. Mkojo wake hutoka pamoja na kinyesi, ile sehemu nyeupe tunayoiona. Kwa hiyo kinyesi kibichi cha kuku, karibu robo tatu yake ni maji.

Kuku mkubwa wa mayai hutoa kinyesi cha gramu 100 au zaidi kwa siku. Kuku wetu wa kienyeji ni mdogo, tena mchana anatembea nje. Basi tukadirie kwamba kinachobaki bandani ni gramu 50 tu kwa kila kuku. Ukiwa na kuku 20:

20 × 50 = gramu 1,000, yaani kilo 1 kwa siku.

Robo tatu ya kilo 1 ni gramu 750. Hayo ni maji ya robo tatu ya lita, kila siku. Kwa siku 30 ni lita 22 na nusu. Hiyo ni ndoo kubwa ya lita 20 na zaidi, imemwagwa katika banda lako, nawe hukumwona aliyeimwaga!

Hapo ndipo tunapoielewa kazi ya matandazo. Hayawekwi kwa ajili ya kuku kulala vizuri, ingawa anafurahi. Yanawekwa yanyonye maji hayo, yakitenganishe kinyesi kisigandamane, kisha yaachie unyevu utoke hewani. Sakafu tupu haiwezi kazi hiyo, hata ukiifagia mara tatu kwa siku.

TUTUMIE NINI?

Huku Katumba hatuna sababu ya kukosa matandazo. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Wazee wetu walifyeka miombo wakalima mahindi, karanga, maharage na mpunga, na watoto wao tunalima mpaka leo. Kila zao lina kitu kinachotupwa.

Maranda ya fundi seremala ndiyo bora kwa kunyonya maji. Chukua ya mbao kavu. Usichukue ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, kwa sababu dawa hiyo ni sumu. Vumbi la msumeno pia linanyonya, lakini vifaranga wadogo hulila wakidhani ni chakula, na linaruka puani. Liwekee kuku wakubwa.

Makapi ya mpunga hupatikana kwenye mashine za kukoboa, na mara nyingi huchomwa moto bure. Hayanyonyi maji mengi kama maranda, lakini hayagandamani na hukauka upesi. Hapa tuelewane: tunasema yale makapi magumu, siyo pumba laini wanayokula nguruwe. Pumba laini ikilowa inachacha, tena inaita panya.

Nyasi kavu zinafaa ukizikatakata fupi, urefu wa kidole. Zikiachwa ndefu hulaliana, na chini yake panaoza huku juu panaonekana pazuri. Maganda ya karanga na magunzi yaliyopondwa yanafaa pia, mradi yawe makavu.

Kitu chenye ukungu usikiweke kabisa, hata kama ni kingi na cha bure. Ukungu huingia katika mapafu ya vifaranga, wakahema kwa shida na kufa. Nusa kabla hujabeba gunia. Ukisikia harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, liache.

Kwa vifaranga wa siku za kwanza, tandika gunia safi juu ya matandazo kwa siku tatu hivi mpaka wajue chakula ni kipi. Wapo wanaotandika gazeti. Sisi hatutakasirika mkilitumia letu mkishalisoma, lakini karatasi huteleza na miguu ya vifaranga hutanuka na kulemaa. Gunia ni bora.

NAMNA YA KUYATUNZA

Anza mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua. Huku kwetu Katavi mvua ni msimu mmoja, tangu Novemba mpaka Aprili. Ukianza kutandaza Januari juu ya udongo uliokwisha kulowa, unyevu wa chini utayapanda matandazo na utakuwa umechelewa. Inua sakafu iwe juu kuliko uwanja, walau nusu futi, na uishindilie. Udongo wa kichuguu ukishindiliwa vizuri huwa mgumu sana.

Nyunyiza majivu juu ya sakafu tupu, kisha tandaza matandazo unene wa vidole vinne. Kila uonapo yanapungua au yanashikamana, ongeza mapya juu. Mwisho wa msimu yatafikia karibu shubiri.

Yageuze mara mbili kwa juma, kwa reki au kijiti chenye panda. Bibi yetu hageuzi sana. Jioni anarusha konzi moja ya mtama juu ya makapi, na kuku wanachakura kila mahali wakiutafuta. Kazi inafanywa na wenyewe kuku. Tumeiga.

Mahali panapolowa zaidi ni pawili. Kwanza ni chini ya fito wanazolalia, kwa sababu usiku kucha kinyesi kinaanguka palepale. Kila siku mbili au tatu ondoa kinyesi hicho kwa koleo. Pili ni kwenye chombo cha maji. Weka chombo juu ya matofali, kimo cha mgongo wa kuku, asiweze kukikanyaga wala kukichakurisha. Vifaranga nao wapewe sahani isiyo na kina, yenye kokoto ndani, wasizame wala kumwaga. Matandazo yaliyolowa hapo yatolewe siku hiyohiyo. Usiyasambaze.

Sasa tufundishane kipimo kisichohitaji mashine. Chota matandazo kwa mkono mmoja, minya, kisha fungua kiganja. Yakibaki donge lililoshikamana, yamelowa: toa sehemu hiyo, ongeza makavu, fungua madirisha. Yakishikamana kidogo kisha yakaachana, ni mazuri. Yasiposhikamana hata kidogo na yakatimua vumbi, yamekauka mno. Hayo hutokea Agosti na Septemba, na kuku huanza kupiga chafya. Hapo tu ndipo tunaruhusu maji, tena ya kunyunyizia kwa vidole.

Kipimo cha pili ni pua. Asubuhi unapofungua mlango, usinuse ukiwa umesimama. Chuchumaa, uso uwe karibu na sakafu, mahali anapohemea kifaranga. Harufu ikikuchoma macho, basi kifaranga ameivuta usiku kucha. Hewa hiyo inaitwa amonia. Inaumiza macho na njia ya pumzi, na kuku aliyeumia hivyo hupata mafua kwa urahisi.

Wengi tukisikia harufu hiyo tunarusha majivu au chokaa juu ya matandazo yaliyolowa. Tulifanya hivyo pia. Majivu na chokaa vikikutana na kinyesi kibichi huifukuza amonia itoke kwa wingi zaidi! Majivu yakae chini kabisa, au katika sanduku pamoja na udongo mkavu, kuku waogee na kupunguza chawa na utitiri.

Tena tunaziba madirisha kwa magunia tukiogopa kicheche na nyoka. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini banda lisilopumua litalowa tu, hata ukitandaza maranda ya seremala wote wa Mpanda. Acha nafasi pana chini ya paa, uizibe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Na kuku wasibanane. Kuku watano wakubwa kwa kila mita moja ya mraba wanatosha.

UWANJA WA NJE

Ukiwa na uzio wa kuku nje, matope yake huingia ndani kwa miguu. Kuku 20 wana miguu 40, na kila mguu unabeba kidogo.

Chimba mfereji upande wa juu wa uwanja, maji ya mvua yapite pembeni. Paa litokeze mbele, matone yasianguke mlangoni. Mbele ya mlango weka mawe madogo na changarawe, hatua mbili au tatu, ili kuku wajifute miguu. Usitandaze makapi wala vumbi la msumeno nje. Mvua moja tu yanakuwa uji. Nje panataka vitu vikubwa: mabua ya mahindi yaliyokatwa, magunzi mazima, vijiti. Maji yanapita chini, kuku wanatembea juu.

Kama nafasi ipo, gawa uwanja mara mbili. Kuku wakae upande mmoja miezi miwili, huku upande wa pili ukipigwa na jua na kuota majani. Mwisho wa masika kwangua udongo wa juu, upeleke shambani, uweke mwingine.

USITUPE

Tunayatoa matandazo yote mara moja kwa mwaka, mwezi wa tano au wa sita, jua likiwa kali na mashamba yamevunwa. Lakini banda likiwa limeugua, usingoje. Toa yote, mwagia sakafu maji yanayochemka, acha ikauke juma zima, ndipo utandaze upya. Unapofagia funga kitambaa puani, na unawe mikono kwa sabuni. Watoto wasicheze humo.

Ile amonia inayochoma macho ina naitrojeni, kirutubisho kilekile kilichomo katika mbolea za chumvichumvi tunazonunua kwa bei kubwa. Kwa hiyo banda linalonuka linapoteza mbolea hewani, na matandazo makavu yanaishika. Lakini usiyapeleke kwenye mimea yakiwa mabichi, maana yanaunguza mizizi. Yarundike chini ya mti, yafunike kwa majani au nailoni mvua isiyasafishe, yageuze kila juma la pili au la tatu. Baada ya miezi miwili au mitatu yanakuwa meusi na harufu inaisha. Hapo weka konzi moja katika kila shimo la mahindi, changanya na udongo, ndipo upande. Bustani ya mchicha nayo iwekewe kabla ya kupanda, siyo juu ya majani yanayoliwa.

Jambo moja tusilichanganye. Matandazo hayazuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo hauna dawa. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2, ambayo inatengenezwa hapahapa Tanzania na huvumilia joto kuliko zile za zamani, hutolewa tone moja katika jicho moja, kila miezi mitatu. Ulizeni kwa ofisa mifugo wa kata.

Mwaka uliofuata tulitandaza makapi mwezi wa kumi. Tulitotoa vifaranga 29. Wawili walichukuliwa na mwewe na mmoja alikanyagwa na mama yake. Waliobaki 26 walifika kuuzwa, na sare zilinunuliwa. Bibi alikuja kutazama, akainama, akaminya makapi yetu kiganjani. "Bado yana ubichi kule pembeni," alisema, akaonyesha kwa fimbo chini ya dirisha.

KAZI YA KIKUNDI

Hesabuni kuku wa kila mmoja wenu, mpige hesabu ya maji yanayobaki bandani kwa siku 30, kama tulivyofanya hapo juu. Kisha nendeni katika banda la mmoja wenu asubuhi na mapema. Mchuchumae, mnuse, mminye matandazo katika sehemu nne: katikati, chini ya fito, kwenye chombo cha maji, na chini ya dirisha. Andikeni katika daftari mlichokuta kila sehemu, na tarehe. Rudini tena baada ya majuma mawili.